Kompyuta ya Baba Imepata Milango Miwili

Lubumbashi, mtaa wa Kenya

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti linaendeleaje? Na Mama Mdogo aliyekupokea hapo Butembo, bado anakufukuza jikoni akisema wewe ni mgeni? Mimi ni mzima, na leo nina furaha hata kalamu inanikimbia.

Ile kompyuta ya marehemu Baba niliyoibeba mgongoni kwa kitenge tulipokimbia Goma, watu wakidhani ni mtoto, bado ninayo. Picha zetu ziliungua na nyumba. Sauti yake akifundisha kwaya imebaki humo tu, nawe uliniambia niitunze.

Sasa, depo ya malori ya watu wa kwetu imenipa kazi, ila programu yao ya karatasi za mpaka wa Kipushi inataka Windows, na Baba alitumia Linux. Nikaigawa diski kama parseli, kiwanja cha nyumba: chumba cha Baba, chumba cha kazi. Nikaweka Windows mbio mbio kabla umeme haujakatika. Nilipowasha, Windows ikafunguka peke yake, na cha Baba hakikuonekana popote. Mama, nililia. Niliona nimemzika mara ya pili.

Nikaipeleka kwa Yaya Mado, dada mkubwa aliye fundi wa kompyuta jirani na kanisa letu. Hakushtuka.

"Uliweka Windows nyuma, Linux ikiwa imeshaingia?"

"Ndiyo, Yaya."

"Njo vile bote tunafanyaka. Tunaogopaka courant itakatika, tunaenda mbio, hatusome. Usilie. Chumba kiko. Ni mulango tu njo Windows ilifunika."

Akachomeka flashi, akaandika mistari michache, akairudisha ile programu ndogo inayoamka kwanza na kuuliza unataka kuingia wapi. Tukawasha. Linux juu, Windows chini, zote mbili zinangoja nichague. Nilimkumbatia Yaya Mado mpaka miwani yake ikaanguka.

Kazi nimeshaanza. Sauti nimeinakili kwenye flashi, dereva wetu atakuletea pamoja na barua hii. Msalimie Mama Mdogo, kaka yangu mkubwa na mke wake, na shangazi mshonaji.

Sikiliza mpaka mwisho, Mama. Nyimbo zikiisha, sauti yako inaingia kutoka jikoni: "Baba Furaha, chakula kinapoa." Naye anajibu, "Wimbo mmoja tu, nakuja."

Ni mimi mtoto wako,
Furaha