Mkono wa Mama Umefuma

Baba Herieth,

Mikate iko kwenye sufuria, makaa juu na chini. Mama Timoth wa jirani ataipua, na atakaa na mama yako mpaka urudi kutoka kazini. Sketi ya Mwalimu Angela iko kwenye cherehani. ~~Malizia pindo~~ Usiiguse kabisa, nakufahamu.

Nimedandia lori la mahindi kwenda Ilemba kumwita dada yako Rozina. Hakuna msiba. Tulia usome.

Asubuhi nilimkalisha mama juani, nikamwekea mapajani sweta ninalomfumia Herieth, apate joto. Nikaenda kukanda unga. Niliporudi, mkono wake ule uliopooza tangu mwaka juzi ulikuwa umeshika sindano. Ulitetemeka, lakini ulikuwa unafuma! Nilisimama na unga mikononi, nikaogopa hata kupumua. Alifuma mistari mitatu, mmoja una tundu la kupita kidole. Kisha akaniangalia, akasema kwa sauti yake ile ile ya zamani, "Cornelia, unakaza mno uzi."

Miaka miwili hajatamka neno, na la kwanza ni kunikosoa! Nilipiga magoti nikalia.

Ulitaka niuze nyuzi zangu, eti mitumba imejaa sokoni, nani atavaa sweta la kufuma. Niliumia sana. Leo yameisha.

Mpe mama uji wa ulezi, umwachie kijiko ashike mwenyewe. Lakini kwanza mwamkie, halafu usiondoke haraka kama siku zote. Subiri. Ataitika marahaba.

Mkeo,
Mama Herieth