Kidole Nilichomwonyesha Wafa

Mpendwa Shangazi Editha, shikamoo, naomba unisaidie maana jambo hili limenikaa kooni, mie ni mama wa Chamazi, shule niliishia la nne, binti yangu Wafa alikuwa akiuza udi na ubani dukani kwetu Kipawa, wakaja askari wakabeba pakiti za unga, sie tunajua ni liwa ya kujisinga mwilini, mahakamani ikaletwa taarifa ya mkemia kwamba ni dawa za kulevya, mkemia mwenyewe hakuja, hakimu akamuuliza Wafa kama ana pingamizi, mtoto akafungua mdomo, akanitazama, na mie nikaweka kidole mdomoni, nyamaza, maana kwetu mtoto habishani na msomi, akasema, "Sina, mheshimiwa," akafungwa miaka thelathini.

Sasa yuko Segerea, rufaa kaiandika kwa mkono wake, anasema hakuna aliyemwambia ana haki ya kuomba mkemia aitwe amuulize, mbona pakiti zetu tulifunga kwa gazeti na taarifa inasema nailoni, na kile kidole changu hakukitaja, Shangazi, amenisitiri. Kaka yangu Hamoud kanijia juu: "Mwambie aifute, aombe huruma! Yeye nani amhoji mtu wa digrii?" Nilipomfikishia, Wafa akacheka: "Mama, karatasi haijibu swali." Namwonea fahari mpaka naogopa. Jumapili naenda kumwona, nimwambie nini?

Mama Wafa, Chamazi

Marahaba, Mama Wafa. Pole sana, na sasa nikugombeze. Kidole kile kilitoka kwenye mapenzi, lakini mahakamani si ukumbini kwa wakwe. Kumuuliza mkemia si utovu wa adabu. Aliyepima vizuri haogopi swali. Binti yako kalielewa hilo akiwa gerezani, wewe na Hamoud mko nje bado mnababaika!

Sikuahidi ushindi. Majaji wanaweza kusema alinyamaza kwa hiari yake. Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa wanaotoa msaada wa kisheria, beba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, mweleze wakili yote, na kidole usikiache. Yeye ndiye atajua la kufanya nacho. Hamoud mjibu kwamba huruma huombwa na aliyekosa.

Jumapili usimwambie Wafa afute hata nukta. Mwombe radhi. Na siku ya rufaa kaa mahali atakapokuona, kisha mikono yako, mama, uikalie.