Kondoo wa Bafuni na Hesabu ya Mama

Alhamisi. Mtaa wa Free Area. Mvua imeacha kunyesha sasa hivi na uzi bado umekataa kuingia kwenye sindano.

Wacha niandike, maana hakuna mtu naweza kuambia haya kwenye hii ploti ya nyumba za kupanga.

Nimeficha kondoo bafuni.

Aki nilijua ni makosa. Kwenye geti kumeandikwa kwa rangi nyekundu, HAKUNA KUFUGA. Jirani wa nyumba ya mwisho alipatikana na kuku wawili tu, tena wapole, na vitu vyake vikatolewa nje vikanyeshewa, godoro na yote. Nilimsaidia kukamua mapazia. Wakati huo nilikuwa tayari na kondoo ndani, na nilikuwa nakamua huku namwomba Mungu amfunge huyo mnyama mdomo.

Ni kwa sababu ya mama. Baba alipofariki na shamba la Mau Narok likagawanywa, nilimleta mama akae na mimi. Alikuja na begi moja na gambuti zake za kukanyagia matope ya shamba, akaketi kitandani, akaangalia ukuta. Nikipakua chakula ananiambia, "Usinihesabu." Kila siku hivyo, usinihesabu. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kuangalia kondoo zake, sasa hata kuoga ni mpaka nimbembeleze. Nilifika mahali naogopa kumwacha peke yake nikienda kununua uzi.

Kaka yangu ndiye alisema mama anakosa mnyama. Akataka kuleta mbuzi. Nikamwambia hapana, mbuzi ana mdomo, lete kondoo. Si wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana? Kondoo hata akichinjwa hatoi sauti. Nilijiona mjanja sana.

Kumbe kondoo hunyamaza akifa tu. Akiwa hai na amekosa wenzake, analia kutwa nzima.

Mimi nashonea mapazia hapa nyumbani, kwa hivyo akianza tu nakimbilia cherehani ifunike sauti yake. Kuna siku nimeshona hewa asubuhi yote. Majirani wanadhani nina kazi nyingi, mmoja hata alinipongeza.

Lakini mama alifufuka. Siku ya kwanza alimfungua kondoo mdomo, akaangalia meno, akasema waliomuuzia kaka walimdanganya umri. Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mazishi. Sasa anaamka mwenyewe, anavaa gambuti, anaosha bafu, anaenda kwa mama mboga kuomba majani ya kabichi. Akikaa naye amlambishe chumvi, kondoo hutulia.

Ndio nikaanza kuzoea. Na leo mchana mwenye ploti akabisha.

Alikuwa anazunguka mlango kwa mlango kwa sababu tangi inaisha haraka, na hapa maji tunalipia kwa kichwa. Ni mzee mpole wa kuongea, na hiyo ndiyo inanitisha, maana hata yule wa kuku alifukuzwa kwa sauti ya chini. Nilisimama nikaujaza mlango wote na mwili wangu. Akauliza kama bado tuko wawili. Nikasema ndio, wawili tu.

Nilisahau mama yangu ni nani. Kwake mgeni haachwi bila salamu. Akatoka bafuni akipangusa mikono kwa leso, akafunga mlango nyuma yake, akamsalimia mzee, akamuuliza habari za nyumbani kwake. Mzee naye, kwa heshima tu anayopewa bibi, akamuuliza, "Shosho, umezoea hapa? Mko wawili tu?"

Mama hajawahi kudanganya mtu.

"Tuko watatu, baba."

Kiswahili nacho hakikunisaidia, watatu ni watatu, wawe watu ama wanyama. Na hapo hapo, kule bafuni kondoo akakohoa. Kama hujawahi kusikia kondoo akikohoa, ni mwanaume kabisa, tena wa kuvuta sigara.

Mwenye ploti akaangalia mlango wa bafu. Akaniangalia mimi. Akatabasamu kidogo.

"Kuolewa si makosa, mama," akaniambia. "Lakini mwanaume anayelala kwa ploti yangu lazima nimjue. Jumamosi nitakuja nimsalimie."

Akaenda nyumba inayofuata. Nilifunga mlango nikakaa chini kwenye saruji. Nikamuuliza mama kwa nini asingenyamaza tu. Akanishangaa. Si ameulizwa wako wangapi, naye akahesabu. Akarudi bafuni na chumvi yake.

Nimempigia kaka simu. Anasema kesho atakuja na pikapu amchukue kondoo, amrudishe Mau Narok, na Jumamosi mzee akija atakuta bafu safi, nami nitamwambia ni mgeni alikuwa akipita. Ni mpango wa mtu mwenye akili. Nyumba tutabaki nayo. Nimekubali, na tangu nikate simu naogopa kuliko wakati mzee alikuwa amesimama mlangoni.

Kwa sababu leo mama alihesabu, na kwa mara ya kwanza alijihesabu.

Kesho pikapu ikishaondoka, tutabaki wangapi hapa ndani? Mimi ningesema wawili. Kumuuliza mama ndiyo naogopa.