Goti la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amefaulu! Tangu kano ya goti lake la kushoto ikatike uwanjani na kushonwa, ukoo wa mume wangu hauna habari nyingine. Mama mkwe akipiga simu haulizi wajukuu, anauliza goti. Leo nimempima pale kliniki ya klabu yake ya mpira, ninakotibu viungo vya wachezaji. Anaruka mbele kwa mguu mmoja — kwanza ule mzima, kisha mgonjwa — nami napima umbali kwa futi. Miguu imelingana, basi goti limepona! Kocha akachungulia mlangoni: basi mechi ya Jumamosi anacheza? Nikasema anacheza. Mume wangu kaninunulia soda, eti nimemfufua mdogo wake. Leo nalala usingizi wa pono.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Nilikuwa dirishani kliniki, nakunywa chai. Shemeji yuko nje na wenzake, wanarushiana mpira. Mpira ukavuka mtaro. Kasimama ukingoni, hakuchukua hata mbio, akauruka kwa mguu mmoja — ule mzima — kama mbuzi aliyekata kamba! Chai ikanipalia.

Mtaro ule ni mpana kupita alichoruka jana kwa mguu huohuo.

Kumbe! Mguu mgonjwa haujapona. Alijua nalinganisha miguu, basi akaubania ule mzima ufanane na mwenzake. Mjanja huyu! Na mimi, mtaalamu mzima, nikapiga makofi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita, nikafunga mlango. Akaanza utani wake — shemeji, leo kaka kakunyima nini? Nikamwambia ruka upya, na ukiubania tena mguu namwita mama yako aje akusimamie. Utani ukamwisha.

Mguu mzima ukaenda mbali. Ule mgonjwa ukabaki nyuma, tena alipotua goti likapinda kwa ndani. Ndivyo lilivyokatika mara ya kwanza! 

Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, kichwa chini. Kila mtu nyumbani ananiuliza Jumamosi, akasema. Ningewajibu nini?

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mpaka jioni. Sikuweza. Nilikuwa nashukuru tu, nashukuru mtaro, nashukuru hata chai iliyonipalia. Tukaanza upya: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kutua taratibu, goti lielekee vidole. Amelalamika mwanzo hadi mwisho. Safi.

Alhamisi, 6 Machi

Kocha amewaka. Eti neno langu halimalizi wiki? Nimemwambia nilikosea, lawama ni zangu, na shemeji hachezi. Mama mkwe kakata simu. Mume wangu kanuna tangu aingie. Baadaye akauliza, likikatika tena je? Nikasema huenda asicheze tena maishani.  Kisha akainuka akaosha vyombo, bila kuambiwa! Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapahapa kwenye benchi, la sivyo nitatafuna kucha zote. Kocha kamvalisha shemeji jezi hata hivyo — eti kuwatisha wapinzani. Amekaa ubavuni pangu, anapiga miayo ya uongo. Tumefungwa moja. Jukwaani mama mkwe kavaa kitambaa cha rangi ya timu, na hanisalimu.

Mshambuliaji wetu ameanguka. Ametolewa anachechemea — msuli wa paja, nimemfunga barafu. 

Kocha amegeuka. Mimi hanitazami. Anamwambia shemeji: vua koti, ingia.

Nimesimama. Nimefungua mdomo. Mama mkwe naye kasimama, analiita jina la mwanawe, na jukwaa zima linamwitikia.

Shemeji hajavua koti. Anamtazama mama yake, analitazama goti. Kisha akasema, polepole, na mimi nimemsikia vizuri kabisa: kocha, bado halijapona.

Ee Mungu wangu, kasema mwenyewe! Machozi yananitoka mbele za watu na wala sijali.

Kocha ameinama, kaweka mkono sikioni. Makelele ni mengi, anamwambia aseme tena — na shemeji anasimama, anarudia kwa sauti.