Taa ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimeitwa juu. Meneja – sisi wa chini tunamwita Takwimu, maana hata salamu haitiki bila asilimia – anataka niandike ripoti. Kuhamishia simu zote za kampuni kwenye intaneti. Faida, hasara, vifaa, muda. Wiki tatu! Akaongeza kwamba kitengo kipya kitahitaji mkuu wake. Hakusema ni nani. Alinitazama tu, akatabasamu.

Nilishuka ngazi na furaha, naungama. Miaka sita nimekuwa nikiubembeleza ule mtambo wa zamani kwenye chumba cha chini. Vipuri vyake havitengenezwi tena, nanunua vilivyong'olewa kwenye mitambo iliyokufa. Kisha nikapita mapokezi. Shangazi alikuwa kwenye swichibodi yake, miwani imeshuka puani, taa ndogondogo, moja kwa kila namba ya ndani, zinawaka na kuzimika mbele yake. Akauliza kama wamenipandisha au wamenishusha.

Nikasema ni kazi ya makaratasi tu.

Uongo wa kwanza, na hata saa sita haijafika. Shangazi ndiye dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, ndiye aliyeniingiza kampuni hii kwa kumganda meneja wa zamani mpaka akachoka. Bado nalala nyumbani kwake. Na swichibodi ndiyo kitu cha kwanza itakachokifuta intaneti.

Jumatano, 3 Septemba

Hesabu ni nyepesi mno, ndiyo inayonitisha. Tuna matawi mawili na ghala. Kila siku tunapigiana simu na kulipia kama watu tusiojuana. Kwa intaneti, simu za sisi kwa sisi ni bure, waya mmoja unabeba kompyuta na sauti, na mtu akihama meza anahama na namba yake. Hakuna kunipigia kelele nije na bisibisi.

Nimejaribu na tawi la pili. Sauti inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinashika njia, vinakusanyika upande wa pili. Dakika tano safi kabisa. Halafu karani mmoja akaanza kupakua mafaili yake na yule niliyekuwa naongea naye akawa anameza maneno. Dawa ipo: sauti ipewe njia kwanza, mafaili yasubiri.

Udhaifu mkubwa ni umeme. Mtambo wetu mkongwe una betri zake, unapeleka umeme ndani ya waya uleule wa simu. Giza likiingia nchi nzima, simu bado inalia. Hizi mpya umeme ukikatika zinakuwa mapambo. Nimependekeza betri za akiba, na udhaifu huo nimeupa kichwa cha habari chake. Ripoti ya haki, nikajipongeza.

Kisha sehemu ya wafanyakazi. "Nafasi ya opereta wa swichibodi: haitahitajika." Nimeiandika nikaifuta mara nne. Ya tano nimeiacha.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimehesabu namba za ndani. Sitini na nne. Nikachapisha kumbukumbu za simu za miezi kumi na minane, na kanuni yangu ikawa moja: namba ambayo haikupiga wala kupigiwa hata mara moja, imekufa, haihamishwi. Nimekata kumi na tisa. Stoo ya zamani. Chumba cha mlinzi kilichobomolewa. Namba arobaini na moja, chumba cha baridi – kupiga sifuri, kupigiwa sifuri. Kalamu nyekundu, shwaa!

Takwimu kafurahi mpaka kanipa mkono. Kumi na tisa ni karibu asilimia thelathini, kasema. Kweli, huyu mtu ataoa asilimia.

Alhamisi, 11 Septemba

Shangazi amejua. Siyo kwangu – katibu wa Takwimu alimpa pole mapokezini, akidhani nilishamwambia. Aibu hii nitaizika wapi?

Nimerudi nyumbani nimemkuta anakata vitunguu. Hakugeuka. Akasema, "Nasikia unaniandikia barua ya kwaheri."

Nikaanza kujieleza. Vipuri, matawi, gharama. Aliniachia niseme yote, na kisu kinakwenda. Nikamwambia hata nisingeandika mimi angeandika mwingine. Akasema ni kweli, lakini huyo mwingine asingekula kwenye sufuria yake.

Nikapanga sahani mezani.

Baadaye, tukila, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na taa yangu ya arobaini na moja, ataiangalia nani?"

Nikamwambia, "Shangazi, namba hiyo haijapiga simu mwaka mzima na nusu. Nimeona kwenye kumbukumbu."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Haya, fundi. Makaratasi yako yanajua."

Nadhani anatafuta pa kushikilia. Taa moja isiyo na kazi! Inanikera, na inaniuma kwamba inanikera.

Ijumaa, 19 Septemba

Ripoti imepita. Dakika ishirini, hakuna aliyeuliza swali isipokuwa rangi ya simu mpya. Mimi ndiye mkuu wa kitengo kuanzia tarehe sita Oktoba. Shangazi anamalizia tarehe tatu. Alibakiza mwaka mmoja na miezi saba astaafu kwa heshima. Watampa kiinua mgongo chake chote mwishoni mwa mwaka, alimradi pasijitokeze kosa lolote la kazi upande wake. Nimesoma barua yake kabla yeye hajaisoma. Ndiyo ukuu wenyewe huo.

Watu wamenipongeza kwenye korido. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatatu, 22 Septemba

Wametaka sauti yake! Mashine itakayopokea simu inahitaji mtu wa kusema "karibu, kwa mauzo bonyeza moja". Takwimu anasema wateja wameizoea sauti ya mama wa mapokezi. Nikadhani Shangazi atamtolea nje. Akakubali.

Tumerekodi ofisini kwangu, mlango umefungwa, koti nimelitundika juu ya dirisha kuzuia kelele. Mara tatu. Hakukwama hata neno. "Tafadhali subiri, utahudumiwa sasa hivi." Alipomaliza akauliza kama mashine inapumzika saa ngapi. Nikasema haipumziki. Akasema, "Masikini."

Ijumaa, 3 Oktoba

Siku yake ya mwisho. Keki, soda, hotuba ya Takwimu yenye asilimia tatu tofauti.

Watu walikuja mmoja mmoja. Hata Barafu amepanda kutoka chini, na koti lake zito. Barafu ndiye mtunza chumba cha baridi. Miaka yote hiyo yumo humo na nyama na samaki waliogandishwa, ndevu zimeshaanza kufanana na rafu zake. Hatukuwahi kumwona juu. Alimshika Shangazi mikono yote miwili, akamuuliza, "Sasa mama, huyo anayekuja umemwonyesha?"

Shangazi akajibu, "Anayekuja ni mashine. Inajua kila kitu."

Barafu akacheka, akashukuru, akashuka. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, na kipande cha keki mkononi. Nilidhani wanataniana, wazee wa kazi.

Shangazi akafunga virago: kikombe, mto wa kiti, miwani ya akiba. Hakuaga swichibodi. Alizima taa ya meza, basi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa moja asubuhi nimezima mtambo. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Sikujua kama ulikuwa unavuma mpaka uliponyamaza.

Simu mpya zinafanya kazi. Sauti safi. Mchana nilitoka nje ya geti nikapiga namba ya kampuni kwa simu yangu ya mkononi, nikamsikia Shangazi ananikaribisha, ananiambia nitahudumiwa sasa hivi. Nimekata. Nimelia kidogo pale ukutani. Mlinzi akajifanya anafunga kamba za viatu.

Jumanne, 7 Oktoba

Hasemi nami. Chakula ananiwekea, anakifunika, anaingia chumbani. Simu ya jirani ikilia mkono wake unanyanyuka wenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Karatasi za ripoti ya ajali nimeziweka ndani ya daftari hili, na kalamu ni ya kuazima.

Nilipanga mafunzo leo. Watu wote, kantini, saa tatu hadi saa tano. Namna ya kumshikisha mteja laini, namna ya kumhamishia mwenzako. Nilisema waje wote, hata wapakiaji wa kule gatini, malori yanapopakiwa, wanaokaa mkabala na chumba cha baridi. Niliwaambia simu za mkononi ziwe kimya, na yangu nikatangulia kuizima sauti. Barafu hakuwa kwenye orodha. Kwenye orodha niliweka wenye namba.

Saa tano kasoro dakika kumi nikaitazama simu yangu. Shangazi, mara kumi na moja. Nikampigia nikiwa bado nimesimama mbele ya watu. Hakunisalimu. Alipiga kelele, "Barafu yuko wapi? Leo Alhamisi anapanga rafu peke yake! Mfungulieni!"

Nilikimbia bila kuelewa. Wapakiaji walielewa kabla yangu, wakanipita.

Alikuwa chini, nyuma ya mlango, glavu amezivua, vidole vimekwaruzika kwa kugonga. Ile simu ya zamani bado ipo ukutani, maana kuing'oa sikukuweka kwenye mkataba. Mkonga wake ulikuwa unaning'inia. Alikuwa amepiga simu kwenye waya nilioukata.

Wapakiaji wamenieleza tukisubiri gari. Kitasa cha ndani kinashikwa na barafu. Kimetengenezwa mara mbili na mara mbili kimerudia. Akikwama ananyanyua mkonga tu. Habonyezi namba, haongei, humo feni zinanguruma husikii hata mawazo yako. Taa ya arobaini na moja inawaka mapokezini, Shangazi anawapigia gatini neno moja: mfungulieni. Mara moja au mbili kwa wiki. Miaka kumi na minne. Na kwa kuwa hakuna namba iliyobonyezwa, kumbukumbu zangu hazikuona kitu. Sifuri, sifuri.

Amekaa humo zaidi ya saa moja, digrii kumi na nane chini ya sifuri. Anapumua. Hajasema neno. Daktari anazungumzia vidole, hataki kuzungumzia mengine.

Shangazi amefika na kanga begani na viatu visivyofanana. Alikaa upande wa pili wa benchi, kisha akasogea. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza.

"Nilinyamaza makusudi," akasema. "Nilijua atakwama dakika tano, atagonga, wapakiaji watamsikia. Zogo litazuka. Wataulizana hii kazi ilikuwa ya nani, watakuja kunitafuta nyumbani." Akavuta pumzi. "Leo asubuhi nikakumbuka ni Alhamisi. Roho ikanikataa. Nimepiga simu kampuni, mwanangu. Nikajipokea mwenyewe. Nikajiambia nisubiri, nitahudumiwa sasa hivi."

Niliushika mkono wake. Ulikuwa baridi, na mimi nikauachia haraka, Mungu anisamehe, nikaushika tena.

Takwimu amepiga simu. Anataka ripoti ya ajali mezani kesho saa mbili. Kwa mara ya kwanza hana asilimia. Anasema nianze na kitasa, kitasa ni kibovu, si kweli? Ni kweli. Akasema na kama kuna mtu aliyejua hatari hiyo akanyamaza, nimtaje jina, kampuni lazima ijilinde. Nadhani wapakiaji wameshamwambia kuhusu taa.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Nikimtaja Shangazi, nabaki na kiti changu na yeye anakosa hata hicho kiinua mgongo, pengine anaitwa polisi. Nikiandika kwamba aliniambia – na aliniambia! tarehe kumi na moja Septemba, tukila, nimeiandika kurasa chache nyuma na jibu langu la kipumbavu chini yake – basi ni mimi. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Lakini aliyemwambia Barafu mashine inajua kila kitu ni yeye. Nilisikia. Nilikuwa nakula keki.

Kwenye karatasi ya ripoti nimeandika "Chanzo cha ajali" na nukta mbili. Zaidi ya hapo hakuna.

Mlango wa chumba alicholazwa Barafu bado umefungwa. Nesi amepita na blanketi nyingine. Shangazi amefuta miwani yake kwa ncha ya kanga, ameivaa, ameniuliza naandika nini muda wote huu.

Nimesema ni makaratasi ya kazi tu.

Amenyoosha mkono kwenye daftari. Anataka asome.