Funda la Maji ya Muwa

Baba,

Naandika kwa herufi kubwa ili macho haya yaliyofifia yaweze kuzisoma kesho. Ninaogopa. Mwakio ametuma salamu kutoka Marungu kwamba kesho atapanda kuja Mwanda kunitazama. Mwanao wa kwanza, ambaye hajakanyaga ua huu zaidi ya miaka arobaini, anakuja kumuaga mdogo wake anayekufa. Kabla hajafika nataka nikwambie wewe jambo nililolificha muda wote huo. Nikishindwa kukwambia wewe uliye kaburini, yeye aliye hai nitamwambiaje?

Utakumbuka zile Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia kule Voi. Nikipata ruhusa nilipanda basi mpaka Wundanyi, kisha nikaenda kwa miguu, nikifika jasho la Voi limenikaukia mgongoni na ukungu wa Mwanda unaniuma masikio. Nilikukuta mlangoni kwenye kigoda, unachambua maharagwe. Habari za safari hukuuliza.

"Leta Kitabu," ulisema. "Tuliishia wapi?"

Hukujua kusoma, lakini kichwa chako kilishika kuliko daftari langu. Tulianza mwanzo kabisa, na nikirudia sura nikaruka mstari kwa uchovu, ulinidaka: "Hapo umeruka. Wiki iliyopita palikuwa na mbuzi." Walimu wangu chuoni hawakuwa wakali hivyo.

Siku tuliyosoma habari za Isaka bado naisikia. Uliweka ungo chini.

"Mzee mzima anadanganywa kwa ngozi ya mbuzi? Sauti ya mwanawe hakuijua?"

"Aliijua, Baba. Imeandikwa alisema sauti ni ya Yakobo."

"Sasa?"

"Macho yake hayakuona tena."

"Si macho hayo. Alimpenda aliyemletea chakula. Mimi mtu hawezi kunifanyia hivyo."

Mama akajibu kutoka jikoni, "Wewe? Mtu akikuletea bakuli la kimanga cha moto utabariki hata jirani!" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Mimi pia nilicheka. Nakiri hilo kwanza.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja aliyetufundisha kwamba mstari wa Biblia una majirani. Ukitaka kuujua, alisema, bisha hodi kwa wa kabla yake na wa baada yake. Usiuvute peke yake gizani ukauliza unachotaka kusikia. Nililipenda somo lile. Nikaandika insha ndefu juu ya maneno ya Bwana pale mlimani, kwamba mtu akileta sadaka madhabahuni akakumbuka ndugu yake ana neno naye, aiache sadaka palepale, aende wapatane kwanza. Niliandika kwamba wazee wetu Wadawida walilijua neno hilo kabla ya kuja kwa Kitabu, maana kutasa ni nini kama si kuutoa uchungu moyoni kabla hujamwendea Mungu? Mzee anapiga funda la pombe ya miwa au la maji, anataja hasira yake kwa sauti, anaipuliza nje, imekwisha. Mwalimu aliisoma insha ile mbele ya darasa. Sikukuletea nyumbani.

Wiki chache baadaye mwenzetu mmoja alikwenda kwa mjomba wake akashiriki kutasa. Habari zikafika kwa mkuu wa chuo, ambaye kwake kutasa kulikuwa upagani. Jumatatu tuliona sanduku lake limewekwa nje ya lango, na yeye amekaa juu yake akingoja gari. Hakuna aliyethubutu kumuaga. Mimi nilipita upande wa pili wa barabara.

Wakati huo wewe na Mwakio mlikuwa hamsemezani. Alikuwa amekiacha kipande cha shamba ulichomgawia, akashuka Marungu kufuga ng'ombe, nawe ukamwambia mbele ya watu kwamba asikuone tena. Kisha mtoto wake akaugua. Wazee wakasema lile lililosemwa siku zote: hasira ya babu imemkalia mjukuu. Mwakio akafanya jambo gumu kwa mtu mwenye kiburi kama chake. Akapanda mlima na kibuyu cha maji ya muwa. Hata pombe haikuwa, Baba. Alijua umebatizwa, akaukamua muwa asubuhi ileile ili usipate shida na kanisa.

Yeye akabaki uani, kwa kuwa mtu aliyekosana na mwenye nyumba haingii ndani. Wewe ukaniita chumbani. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kumaliza masomo.

"Wewe ndiye unayesoma," ulisema. "Mimi hasira imekwisha, nataka kuitoa. Kitabu kinanikataza?"

Nilifungua Torati. Nikakusomea palipo pakali, penye kukatazwa wenye kuagua na wenye kuuliza wafu, nikasoma kwa sauti ya mimbarani. Ulisikiliza umeinamisha kichwa.

"Na hakuna pengine panaposema jambo jingine?"

Injili hatukuwa tumeifikia. Usingeweza kunidaka.

"Hakuna, Baba," nikasema.

Hata hivyo ulitoka. Mara nyingi najiambia ulitoka kwa kuwa moyo wako ulikuwa mkubwa kuliko masomo yangu. Ulikipokea kibuyu, ukapiga funda. Mashavu yakajaa. Mwakio alikuwa amesimama mbele yako na mimi nyuma yake mlangoni, kwa hiyo alikuona wewe tu. Ukanitazama juu ya bega lake. Ulikuwa unauliza kwa mara ya mwisho, na Kitabu kilikuwa mkononi mwangu.

Nikatikisa kichwa kukataa.

Ukameza.

Koo lako likapanda likashuka, na Mwakio akaliona. Ulichotakiwa kukitoa nje ukakirudisha tumboni mbele ya macho yake. Alikichukua kibuyu mkononi mwako, akamwaga kilichobaki chini, akaondoka. Mtoto alikufa baada ya siku tisa.

Ilikuwa surua, nilielezwa na mganga wa zahanati, na msimu ule walikufa watoto wengine wa Marungu ambao babu zao hawakuwa na hasira na mtu. Nimeishikilia surua ile miaka yote kama mtu anayeshika mlango upepo ukivuma. Lakini mwanao hakuzika surua, Baba. Alizika mtoto ambaye babu yake alikataa kumwombea. Na wewe hukukataa. Ulikatazwa, na aliyekukataza ni mimi.

Niliogopa sanduku langu nje ya lango. Huo ni ukweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili sijawahi kuitamka hata katika sala. Nilizipenda Jumamosi zetu. Tangu Mwakio aondoke nilikuwa mwana pekee uliyemngoja mlangoni. Nilipomwona uani na kibuyu chake, niliwaza: akirudi huyu, mzee ataniita nani?

Tangu siku ile hukuniambia tena "Leta Kitabu."

Nikawa mchungaji. Nimefundisha vijana wengi kubisha hodi kwa majirani wa mstari. Lakini kila kalenda ya masomo ilipofika pale mlimani nilijifanya mgonjwa wa koo, nikampa msaidizi ahubiri. Jumapili moja nilichelewa kumzuia msomaji. Ulikuwa kwenye benchi la mbele, umezeeka, na fimbo yako kati ya magoti. Akasoma habari ya sadaka na ndugu. Ukageuza shingo polepole sana, ukanitazama pale nilipokaa madhabahuni. Sura ile naiona hata sasa nikifumba macho. Haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningejua la kuifanya.

Nyumbani ulisema neno moja tu: "Nipeleke Marungu."

Nikasema barabara imekatika kwa mvua. Haikuwa imekatika. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, ukafa. Mwakio hakuja kuzika.

Sasa ninalala kwenye chumba kilekile ulichoniitia. Wakesho, binti yangu, hunisomea jioni kwa kuwa macho yangu yamekwisha nguvu. Juzi alifungua mahali pale bila kujua. "Baba," akasema, "ukurasa huu ni mweupe kama mpya, na zingine zote zimechakaa." Nikamwambia afunge, asome zaburi. Usingizi ulinipaa mpaka kulipokucha. Nilipokuwa kijana nilidhani mtu anayekufa huogopa moto. Mimi naogopa kukukuta umekaa kwenye kigoda chako, uinue macho kutoka kwenye ungo, uniulize tuliishia wapi.

Hiki ndicho nilichokusudia. Wakesho atakamua muwa asubuhi, na kibuyu chetu nimemwambia akitoe darini. Mwakio hatangoja uani. Nitaomba aingizwe mpaka kitandani. Nitamsomea barua hii yote, na nusu ya pili pia. Nitamwambia kwamba baba yake alikwisha kuitoa hasira moyoni kabla hajafika, kwamba ilikuwa mdomoni tayari, inasubiri ruhusa ya mtu aliyesoma. Kisha nitampa kibuyu. Yeye ndiye mkubwa, na neno alilo nalo juu yangu ni haki yake.

Atapiga funda. Sitafungua Kitabu, wala sitatikisa kichwa. Nitalala tu namtazama koo.

Baba, naogopa atameza.

Mwanao wa pili,
yule uliyemwamini akusomee.