Sanduku Langu na Sebene ya Papa Zéphyrin

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi. Kompyuta imeganda tena. Safari hii katikati ya wimbo wa pili, vidole vyangu juu ya kinanda na hakuna sauti, kama mtu anayebonyeza meza. Papa Zéphyrin aligeuka tu, gitaa lake shingoni, akanitazama. Yeye ndiye mwenye orkesta na ndiye mpiga solo. Akigeuka yeye, wote wanageuka.

Nimeichoka kompyuta hii. Kinanda changu chenyewe hakina sauti. Piano, ogani, tarumbeta, zote zinatoka kwenye plagini, zile programu ndogo za sauti nilizozijaza ndani ya kompyuta. Kompyuta ikizubaa, mimi ni bubu. Ni mashine ya ofisi. Haikuumbwa kwa joto na vumbi la sherehe za Kisangani.

Nimekula pondu, yaani kisamvu, baridi. Nalala na hasira.

Alhamisi, 5 Juni

Limefika! Nimelifuata mwenyewe uwanja wa ndege wa Bangboka, nikarudi kwa pikipiki nimelikumbatia. Mwendeshaji akaniuliza kama ni mtoto. Nikamwambia ndiyo.

Kaka yangu Obed ametimiza ahadi yake, amelituma kutoka Kinshasa kwa ndege. Sanduku la chuma, zito, ukubwa wa Biblia mbili zilizolazwa. Halina herufi za kuandikia, halina barua wala picha. Kazi yake ni moja tu: kubeba plagini zangu na kutoa sauti zake. Waya wa kinanda unaingia huku, waya wa spika unatoka kule, pedali chini ya mguu. Basi.

Nimehamisha sauti zangu zote. Nilipobonyeza noti ya kwanza ya piano nilicheka peke yangu kama mwehu. Sauti inatoka papo hapo. Nilikuwa nimesahau jambo hilo linavyofurahisha.

Kuna jambo zuri zaidi. Lina saa ndani. Unaliambia mwendo wa wimbo na urefu wake, nalo linabadilisha sauti lenyewe kwa zamu, huligusi. Nimepanga nyimbo zote za ubatizo wa Jumamosi hivyo. Kila kitu mahali pake.

Ijumaa, 6 Juni

Nimewafunga midomo. Mazoezi yote bila kukwama hata mara moja. Jeancy, mwimbaji wetu na mpiga kelele wa kuwachochea wachezaji, alizunguka sanduku kama anayekagua mbuzi. Hata Papa Zéphyrin alitikisa kichwa, kidogo, kwa juu juu. Kwake hizo ni sifa.

Nimejisikia mkubwa.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda misa. Sitaki kuona mtu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeyajua maneno hayo tangu utoto na bado nimeyatia.

Jana, ubatizo kule Mangobo. Ua umejaa. Nyimbo tatu za kwanza, raha tupu. Wa nne tukaingia sebene. Kwenye mazoezi sebene huwa tunaionja tu, Papa Zéphyrin hapendi kuchosha vidole bure. Lakini kwenye sherehe sebene ndiyo sherehe yenyewe: maneno yanakwisha, gitaa linashika uongozi, Jeancy anaita majina, na watu wanainuka. Inakwisha pale watu wanapochoka, na jana hawakuchoka. Shangazi wa mtoto alikuwa katikati, kanga kiunoni, ndugu zake wanampepea. Jeancy akaikaza. Mpiga ngoma akaongeza mwendo.

Sanduku likaendelea kuhesabu vile nilivyolifundisha. Kwa hesabu yake wimbo ulikuwa umekwisha. Likageuka lenyewe, likaenda kwenye wimbo unaofuata, ule wa kumshukuru Mungu. Mkono wangu ulioshuka na tarumbeta ukapanda na ogani ya kanisa. Kubwa. Ndefu.

Shangazi alibaki mguu juu. Ua mzima ukaangua kicheko. Jeancy, ambaye huniita yaya, yaani dada, akasema kwenye kipaza sauti, mbele ya wote: « Yaya Mado! Ogani ya misa mu sebene? Alors, tupige magoti ao tucheze? »

Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipokuwa tunafunga vyombo Papa Zéphyrin alikuja, akasema polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma: « Mado, sebene haina montre. Samedi tuko na mariage. Kama ile kitu inanipatisha tena haya, Trésor atashika clavier. Bon. Nimemaliza. »

Sebene haina saa, na nikikosea kwenye harusi ya Jumamosi, kinanda ni cha Trésor. Ni kijana wa Makiso mwenye kompyuta mbili na miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Miaka yote hii nimekaa nyuma ya orkesta hii, mwanamke peke yangu, natandika sauti chini ya magitaa ya wanaume. Hata pale nyuma sasa nanyang'anywa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelia. Nimefua. Nimelia tena. Sanduku nimelifunika kwa taulo, silitaki machoni.

Jumanne, 10 Juni

Nimelifunua. Kosa si lake. Lilifanya nililoliambia.

Nimewaza sana leo. Wale jamaa wa video za mtandaoni, niliojifunza kwao kupanga saa, nyimbo zao zina urefu. Dakika kadhaa, zimekwisha, asanteni. Wimbo wetu hauna urefu. Una watu. Shangazi akiinuka unakuwa mrefu, mvua ikitishia unakuwa mfupi. Nami nimecheza muziki huu tangu nivae sketi ya shule, halafu nikaenda kuusomesha saa! Mjinga mimi.

Nimezima saa zote. Kila wimbo, mmoja mmoja. Sasa sauti haibadiliki mpaka mguu wangu ukanyage pedali. Nimepanga sauti chache tu kwa kila wimbo, ili mguu usipotee. Na kwa sebene nimeongeza moja ambayo hakuna aliyeniomba: nyuzi kali, kavu, kama gitaa lililofunga ndoa na likembe, kile chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Sijui nitaipiga lini. Mpiga kinanda hapewi sebene.

Alhamisi, 12 Juni

Akina mama wa kwaya wamekuja kurekodi. Studio yangu ni chumba cha nyuma, mablanketi ukutani, joto la kuokea mikate. Zamani kompyuta ilivuma kama mbu na sauti ikikatika tulikuwa tunarudia mpaka mama wanakauka koo. Leo sanduku limekaa kimya kabisa. Nimewapigia ogani huku wanaimba, moja kwa moja, tumemaliza kabla jua halijawa kali. Waliposikiliza, mama mmoja kutoka Yanonge alishika shavu: « Ni sisi hii? » Akaomba tena. Na tena.

Ogani ileile iliyoniaibisha. Imenipa moyo.

Ijumaa, 13 Juni

Trésor alikuja kwenye mazoezi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekunja nne, anangoja nianguke. Sikuanguka. Papa Zéphyrin amemwambia aje na kesho pia, na kompyuta zake. Ananiamini nusu.

Kesho ni kesho.

Jumapili, 15 Juni

Niandike polepole. Nisiache kitu.

Harusi ilikuwa jana. Bibi harusi wa familia ya mtoni, Isangi. Bwana harusi mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Ukumbi umejaa pande mbili, na kila upande umekuja kuuonyesha mwingine jinsi ya kucheza. Trésor amekaa meza ya karibu na jukwaa, begi mapajani.

Mguu wangu haukukosea. Rumba, tarumbeta. Kuingia kwa maharusi, piano. Nilikanyaga pale tu nilipotaka. Halafu sebene ya kwanza. Upande wa mtoni wakainuka, upande wa Butembo wakajibu, Jeancy anawachochea kama majogoo, na mimi chini, nafuata tu, haijalishi ni ndefu kiasi gani. Nilianza kutabasamu.

Hapo jenereta likakohoa. Umeme ukaruka, ukazimika. Giza, magitaa bubu, sanduku bubu. Ngoma tu ikaendelea. Na watu, Mungu awabariki, wakaendelea kupiga makofi na kuimba, hawakukaa.

Umeme ukarudi. Nikasikia mlio mdogo na harufu ya kuungua: amplifaya ya Papa Zéphyrin imekufa. Anapiga nyuzi, anageuza vitufe, hakuna. Solo hakuna. Sebene bila solo ni harusi bila bibi harusi. Nikaona Trésor anafungua zipu ya begi. Kompyuta zake, mpaka ziamke na kufungua kila kitu, watu wangekuwa wameshakaa.

Sanduku likawasha taa yake. Sekunde chache. Halikuniuliza kitu, lilirudi kwenye wimbo uleule. Nikakanyaga. Zile nyuzi kali, kavu.

Nikapiga.

Sikuomba ruhusa. Nilishika sebene pale ilipokatikia, juu ya ngoma, na mpiga ngoma akanisikia, akaja. Besi ikaja. Mkono wangu wa kulia ulijua kila kitu, ulikuwa umeyasikia magitaa ya wanaume hawa kwa miaka na ulikuwa umenyamaza. Ukasema yote. Ukumbi ukalipuka. Bibi wa Isangi mwenye fimbo aliitupa fimbo. Mjomba wa Butembo, mtu wa suti na heshima, alishuka mpaka chini na akainuka mwenyewe! Jeancy akaacha kuita majina ya matajiri, akaita langu. « Mado! Mado wa clavier! Mama ya sebene! » Sijawahi kuitwa kwenye kipaza sauti. Kamwe. Nilipiga huku machozi yananitoka na sikuona haya hata kidogo.

Papa Zéphyrin alisimama na gitaa lake lililokufa. Kisha akalivua, akaliegemeza ukutani, akachukua kayamba, akasimama nyuma. Nyuma yangu. Akatikisa mpaka mwisho. Na mwisho niliutoa mimi, kwa kichwa, nilipoona wale bibi wameshiba.

Trésor alifunga zipu yake. Alikuja kunipa mkono, nakubali, alifanya kiungwana. Akauliza sanduku linapatikana wapi. Nikamwambia tutazungumza.

Nimeshinda. Naliandika wazi maana ni kweli. Nimeshinda.

Jumanne, 17 Juni

Mvua asubuhi. Vidole bado vinauma. Nimefuta vumbi kwenye sanduku kwa kitambaa kikavu, nimekunja waya.

Mchana nilipokuwa nakula, hodi. Papa Zéphyrin, suruali imelowa mpaka magotini, gitaa ndani ya mfuko wa nailoni. Hajawahi kufika kwangu. Alisalimia, akauliza hali ya nyumba, akauliza hali ya Obed, akatazama mablanketi ukutani. Amplifaya haitengenezeki, fundi amesema. Halafu, bila kunitazama: « Mado, kwa ile sanduku yako, guitare inaweza kuingia? »

Inaweza. Zimo plagini za amplifaya za kila namna, zaidi ya alizowahi kumiliki. Ningeweza kumwambia palepale.

Nikamvutia kiti. Nikamwambia angoje, nimalize kula kwanza.

Akangoja.